Mpingo, mninga, mkongo au mepo? Mti wa kuchongeshea fimbo yako ya pool

Mezani hapa nina mipini miwili ya fimbo ya pool. Yote ina urefu wa sentimita 74 na imekerezwa kwa kipimo kimoja: milimita 21 upande wa kuungia, milimita 32 kitakoni. Haijatiwa skrubu wala vanishi. Nimeipima kwa mizani ya jikoni: wa mpingo umesoma gramu 514, wa mninga gramu 257. Mwanangu aliishika, huu mkono wa kulia, huu wa kushoto, akaniuliza kama huo mwepesi nimeutoboa ndani.

Nimeanza na mizani makusudi. Karibu kila mchezaji anayeniuliza achongeshe fimbo kwa mti gani anakuja na jibu lake mfukoni: mpingo. Ni mweusi, unang'aa bila hata vanishi, ni wetu, na Wazungu wanaununua kutengenezea klarineti. Anachotaka kwangu ni nimwambie tu fundi yuko wapi. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, na fimbo yangu ya kwanza ya kuchongesha ilinifunza kwa gharama. Nitaisimulia huko mbele.

Tukubaliane kwanza kuhusu majina ya vipande, maana kila baa ina yake. Fimbo ya pool ya vipande viwili ina ufito, yaani kile kipande chembamba cha mbele kinachobeba ngozi ya nchani, na ina mpini, kipande kinene cha nyuma. Vinaungana katikati kwa skrubu. Fimbo nzima huwa na urefu wa sentimita 147 hivi, na uzito wa kawaida ni kati ya gramu 510 na 595, ambazo wauzaji huzitaja kama aunsi 18 hadi 21. Sheria za chama cha dunia cha pool, WPA, zinaruhusu mpaka aunsi 25, na fimbo isipungue inchi 40 kwa urefu. Nafasi ni pana. Kinachobana ni bega lako.

Anza na ufito, hata kama hauna urembo

Ngozi ya fimbo inagusana na mpira mweupe kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, au zaidi kidogo. Mtetemo unapofika kwenye vidole vya mkono wa nyuma, mpira umeshaondoka zamani. Kwa hiyo mbao ya mpini, hata iwe ya thamani gani, haimwambii mpira kitu ambacho uzito na mizani ya fimbo (pale inapokaa sawa juu ya kidole) havijamwambia. Kinachousemesha mpira ni zile sentimita chache za mbele za ufito. Ukipiga mpira pembeni ili uzunguke, ufito mzito kwenye ncha unausukuma uchepuke zaidi, na ufito mwepesi kwenye ncha unauacha uende karibu na ulikolenga. Ndiyo maana kuna fito zilizotobolewa mbele, na siku hizi fito za kaboni.

Cha ajabu, mtu atakaa saa nzima akichagua mpini, halafu kuhusu ufito anasema "weka wowote".

Kwa miti, mashindano ni ya wawili. Mepo ngumu ni ule mti wa Amerika Kaskazini ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Fimbo nyingi za pool za Kimarekani zina ufito wa mepo. Mbao yake ni nyeupe kama maziwa yaliyoingia chai kidogo, vinyweleo vyake havionekani kwa macho, na ukiipitisha msasa laini inateleza kwenye vidole kama kioo. Ashi ni mti wa Ulaya na Amerika, na ndiyo mbao ya jadi ya fimbo za snuka Uingereza. Nyuzi zake zimechorwa wazi: mchongaji mzuri anazipanga mpaka juu ya ufito kunatokea mishale inayoelekea nchani, na wachezaji wengine huitumia mishale hiyo kuielekeza fimbo kila mara upande uleule.

Nikiiweka ashi na mepo bega kwa bega, uzito hautofautiani kwa maana. Mepo ni kilo 700 hivi kwa mita ya ujazo, ashi ni 680. Tofauti iko mkononi. Ashi ina vinyweleo vilivyo wazi, na isipozibwa vizuri unavihisi kama mikwaruzo midogo kwenye daraja la vidole, yaani mkono wa mbele unaotegemeza ufito, hasa mkono ukiwa na jasho. Na sisi wa pwani mkono hauishi jasho. Kwa upande wa mpigo, ashi iliyo nyembamba ina uhai fulani, unahisi kila kitu. Mepo inatoa sauti iliyoshiba na imetulia zaidi kwenye mpira mzito.

Hapo kwenye mpira mzito ndipo penye uamuzi. Usiniulize mti kabla hujapima mipira ya meza unayochezea. Kama kipenyo ni milimita 57, ile mikubwa ya Kimarekani ya gramu 170 hivi, chukua mepo yenye ncha ya milimita 12 hadi 13. Kama ni milimita 51, mipira ya Kiingereza, ashi yenye ncha ya milimita 8 na nusu hadi 9 na nusu itakufaa zaidi. Ncha ya milimita 13 kwenye mpira mdogo ni sawa na kuandika kwa dole gumba.

Kumbuka pia kwamba ashi inapungua duniani. Ulaya kuna ugonjwa wa ukungu unaoiua, na Amerika kuna mdudu wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, anayekula chini ya gome lake. Mbao bado ipo, ila ile yenye nyuzi nyoofu haipatikani kama zamani.

Je, miti yetu? Nimejaribu. Mkole, ule wa pinde, una mnyumbuliko mzuri kuliko miti yote niliyoishika, lakini kupata sentimita 74 zisizo na kifundo wala kona ni kazi ya kuzunguka pori wiki nzima. Msindano wa Sao Hill ni laini, kofia ya nchani inalegea ndani ya mwezi. Ramini, mti wa Asia ya kusini-mashariki unaotumika kwenye fimbo za bei ya chini, unafaa kwa fimbo ya baa inayopigwa na kila mtu, si ya kuchongesha. Ushauri wangu ni huu: ufito usiubanie. Agiza mepo iliyokauka, au nunua fimbo ya mtumba yenye mpini uliochakaa na ufito mzima, umpe fundi ufito huo aujengee mpini mpya. Fimbo yangu ya sasa imezaliwa hivyo.

Ukiushika ufito wa kununua, usiangalie chapa. Geuza uone mistari ya nyuzi. Inatakiwa itoke kwenye kiungio mpaka nchani bila kukimbilia ubavuni. Nyuzi zikitoka ubavuni katikati ya safari, ufito huo utapinda, leo au baada ya masika. Kisha, kama ni mepo, tazama kwenye kitako cha ufito pete za mwaka: zikiwa zimebanana, mti ulikua polepole, na hizo ndizo ninazozipenda. Kwa macho yangu, ufito wa mepo wenye rangi ya sukari guru na nyuzi nyoofu unaushinda mweupe pee wenye nyuzi zilizopotoka, ingawa dukani huo mweupe ndio wa bei juu.

Mpini: hapa ndipo miti inaposhindana

Mpini una ujazo wa kama sentimita za ujazo 410. Ukijua uzito wa mbao kavu, unaweza kupiga hesabu ya fimbo yako kabla fundi hajawasha mashine. Mpingo ni kilo 1,250 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mpini mzima unakupa gramu 510 na ushee. Kokobolo ya Amerika ya Kati, ambayo ni nduguye mpingo, inakupa kama 450. Abunusi ya Kameruni na Gaboni, 390. Mti wa zambarau wa Guyana (purpleheart, si mzambarau wetu wa matunda), 370. Mkongo, 330. Mepo, 290. Msaji na mvule, 270 au pungufu. Mninga ndio mwepesi wa kundi, 255 hivi.

Juu ya hapo ongeza ufito, gramu 120, na skrubu, kofia na mpira wa kitakoni, kama gramu 40. Ukifanya hesabu hiyo utaona fimbo ya mpingo mtupu inafika gramu 670 na kitu, wakati ya mninga mtupu inakomea 415. Hakuna hata moja iliyo ndani ya uzito wa kawaida. Lakini hazijakosea kwa namna moja. Fimbo nyepesi unaitoboa kitakoni na kuitia bolti ya chuma, mchezo umekwisha. Fimbo nzito unaipunguzaje? Uzito wa mti unaongezwa, haupunguzwi, isipokuwa kwa kuutoboa moyo, kazi nitakayoisema baadaye.

Mpingo

Sasa ile fimbo yangu ya kwanza. Nilimpelekea gogo la mpingo fundi mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kukereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Mkono wake ulikuwa mzuri, simsingizii. Ndani ya siku nne akanipa mpini mweusi kama kaa, unang'aa, na ukiugonga kwa ukucha unalia kama chuma. Gramu 668 pamoja na ufito. Nikaitamba kijiweni wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikaanza kuona mipira ya taratibu inanipita: pale unapotaka kuusukuma mpira mweupe kidogo tu, fimbo nzito inakwenda na safari yake. Mpira wa kufungua, ule mpigo wa kwanza wa kutawanya mipira, ulikuwa raha tupu, mingine yote kazi.

Agosti nikaenda Dodoma kwa wiki mbili, fimbo ikiwa kwenye begi. Siku ya tano nikahisi kitu kwenye kiungio, kama unywele umenasa. Nikaupitisha ukucha. Haukuwa unywele. Ulikuwa ufa, umeanzia kwenye tundu la skrubu na kushuka kidole kizima. Mpaka narudi Dar ulikuwa umefika robo ya mpini.

Kosa lilikuwa letu sote wawili. Gogo lilikuwa bichi. Mpingo unakauka kwa uvivu kuliko miti mingi. Kipande kinene kinahitaji miaka, ncha zake zipakwe nta ili unyevu usitokee huko kwanza na kupasua. Nje unaweza kuwa mkavu na ndani bado una maji. Hewa ya Dar yenye unyevu iliuficha ubichi huo, hewa kavu ya Dodoma ikauanika. Siku hizi kipande chochote cha mpingo nakiandika uzito kwa penseli, nakipima kila mwezi, na sikigusi mpaka uzito usimame miezi mitatu mfululizo.

Lakini sitaki mtu aelewe kwamba nauponda mpingo. Hakuna mbao inayokerezwa kwa usafi kama huo: chembe zake zinatoka kama unga wa kahawa, na skrubu ukiichongea meno humo inakamata utadhani umeichonga kwenye shaba. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, ambayo wachonga vinyago wengi huitupa, ukiiacha kidogo itembee ubavuni mwa fimbo, hakuna rangi ya dukani inayoifikia. Vipande vya urefu wa sentimita 10 hadi 30 si shida kuvipata kwa wachongaji. Shida ni urefu wa 74 ulionyooka. Shina la mpingo lina vifundo, limejikunja na mara nyingi lina tundu katikati, na mti wenyewe unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Nunua mpingo kwa urefu wa kiganja, si kwa urefu wa mkono.

Mninga

Mninga ukikatwa ukiwa hai unatoa utomvu mwekundu kama damu, na labda ndiyo sababu watu wanauona kama mti wa kitanda na kabati tu, wa nyumbani mno kuweza kuwa wa fimbo. Mimi nauweka juu ya orodha. Sababu ni moja na inatosha: hautikisiki. Kati ya mbao zote za huku, mninga ni miongoni mwa zinazosinyaa kidogo sana zinapokauka, na ukishakauka, masika na kiangazi vinapita bila mpini kujua. Mlango wa mninga uliofungwa vizuri haukwami mvua ikinyesha. Mpini nao ni hivyohivyo.

Wepesi wake, ambao mwanangu aliudhania tundu, ndio nafasi yako ya kujipangia. Mpini ule wa gramu 257 nilipoufunga ufito wa mepo, fimbo ilikaa sawa juu ya kidole sentimita 56 kutoka kitakoni. Hapo ni mbele mno, ncha inakwenda chini. Nikatia bolti ya gramu 120 kitakoni. Fimbo ikawa gramu 535 na mizani ikarudi sentimita 45, pale ambapo wachezaji wengi wanapapenda, kati ya 45 na 48. Ukitaka mbele zaidi, tia bolti fupi. Kwa mpingo hii michezo huna.

Udhaifu wake upo. Ni laini kuliko mpingo na mkongo, ukiiangusha fimbo sakafuni ya saruji kitako kitabonyea. Na skrubu haipendi kuchongewa moja kwa moja kwenye mninga. Kila ukifunga na kufungua meno yanakula. Dawa ni kuuvisha mpini pete ya mpingo pande zote mbili, sentimita 3 kwa kila upande. Kipande kile cha kiganja nilichokitaja hapo juu kazi yake ndiyo hiyo.

Mkongo, msaji, mvule

Mkongo ni ule wenye mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watoto hutungia shanga. Uko katikati ya mpingo na mninga kwa kila kitu: uzito, ugumu, bei. Mpini wake unakupa fimbo ya gramu 490 kabla ya bolti, yaani unaongeza kidogo tu. Umetulia, haupindi ovyo, na rangi yake ya asali inakolea kadiri miaka inavyokwenda. Kwa mtu asiyetaka kuchanganya mbao, anayetaka mti mmoja kuanzia kiungio mpaka kitako na basi, huu ndio wake. Angalia tu nyuzi zake, maana kuna mikongo ambayo nyuzi zinapishana huku na huku, na randa ikipita inang'oa badala ya kukata.

Msaji, wengine huuita mtiki, ndio uliochongewa milango ya Mji Mkongwe pamoja na mfenesi. Unahimili unyevu, na una sifa moja ambayo siku hizi si ndogo: unatoka kwenye mashamba ya kupandwa kama Longuza na Mtibwa, humalizi msitu wa mtu. Lakini una mafuta, gundi ya kawaida haishiki, na chembe za mchanga zilizomo ndani yake zinaua makali ya patasi. Mvule sipendekezi. Ndani ya mbao yake mara nyingine kuna jiwe, jiwe kweli, chokaa iliyoganda mti ukiwa hai, na huwezi kulijua mpaka chuma cha mashine kiligonge. Vumbi lake pia linawasha pua. Acha utengeneze mashua.

Za kigeni

Abunusi ni nyeusi kuliko mpingo, kwa kuwa mpingo ukiuangalia juani una michirizi ya kahawia na zambarau. Ni nyepesi kuliko mpingo, lakini inapasuka vilevile. Ukiwa Tanzania, kuagiza abunusi ni kupeleka nazi Pemba. Kokobolo inavutia kwa rangi zake za machungwa na nyeusi, ila vumbi lake linajulikana kwa kuwatoa mafundi upele, na wengine wakishapata mara moja hawawezi tena kuigusa maisha. Mti wa zambarau ni mgumu, umenyooka, na rangi yake kweli ni zambarau kwa muda, baadaye inageuka kahawia. Ukiupata kwa bei nzuri, chukua kwa ajili ya fimbo ya kufungulia.

Nayo mepo kwa mpini? Watu huidharau kwa kuwa haina rangi. George Balabushka, mzaliwa wa Urusi wa mwaka 1912 aliyehamia Marekani 1924 na kuchongea fimbo Brooklyn mpaka alipofariki 1975, ndiye jina linalotajwa kwa heshima kuliko mengi kwenye ufundi huu. Fimbo zake zinazosakwa na wakusanyaji kwa dola maelfu kwa maelfu ni za mepo mbele ya mpini, zenye ndimi za mbao ya rangi zilizochomekwa. Mbao nyeusi aliipenda. Aliiweka mahali pake. Wala bei si hoja: huko kwenye snuka, Stephen Hendry alitwaa mataji yake saba ya dunia kwa fimbo ya pauni 40 aliyoanza nayo utotoni, mpaka ilipovunjika safarini mwaka 2003.

Kuchanganya mbao

Njia ya kwanza ni hizo ndimi: kabari ndefu za mbao ya rangi moja zinaingizwa kwenye mbao ya rangi nyingine, nne au zaidi, zikichongoka kuelekea mbele. Mbali na urembo, eneo la gundi linakuwa kubwa na mpini unashikana. Ndimi za mpingo ndani ya mninga zinaongeza gramu 60 hadi 100 na kupunguza bolti. Kazi hii inataka fundi anayejua pembe. Ukimwona anakata ndimi kwa macho, mlipe chai uondoke.

Njia ya pili ni kutoboa moyo. Mpini wa mpingo unatobolewa katikati tundu la milimita 19, kisha unachomekewa fimbo ya mepo iliyonyooka. Hesabu: ujazo wa tundu hilo kwa urefu wote ni kama sentimita za ujazo 210, unatoa gramu 260 za mpingo na kurudisha 145 za mepo. Fimbo ya gramu 670 inashuka mpaka 555. Ghafla mpingo mtupu unawezekana, na hatari ya kupinda inapungua, maana moyo wake ni wa mti mwingine. Ni kazi ya mashine ndefu na keekee ndefu isiyoyumba, na wanaoiweza ni wachache. Ukimpata, huyo mshike.

Kwa njia zote mbili, mpingo, kokobolo na msaji vina mafuta. Uso wa kubandika ufutwe kwa asetoni, gundi iwe epoksi, na ibandikwe saa hiyohiyo kabla mafuta hayajapanda tena.

Vibali

Ukinunua mbao ya mpingo, mninga, mkongo au mvule, dai risiti, na kama inasafiri toka mkoani dai kibali cha kusafirishia mazao ya misitu cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kilwa kuna vijiji vinavyovuna mpingo kwenye misitu yao yenyewe, chini ya cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa utunzaji, kilichopatikana mwaka 2009. Mti wa namna hiyo una karatasi zake. Kimataifa, karibu miti yote ya jamii ya mpingo iliingia Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2017, na kwenye mkutano wa Panama wa 2022 zikaongezwa jamii za mninga, mkongo na mkangazi za Afrika. Kwa mpingo, bidhaa iliyokamilika isiyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo imeachwa huru na masharti hayo, kwa hiyo fimbo moja mgongoni haina neno, ilhali gogo lile lile likiwa halijachongwa lina neno. Nchi nyingine zina sheria kali zaidi, ulizia kabla ya kupanda ndege.

Nani achukue upi

Unacheza kila wiki, unasafiri na fimbo kati ya pwani na bara, na una fundi wa kawaida: mpini wa mninga, pete za mpingo pande mbili, bolti kitakoni, ufito wa mepo. Hutaki mapambo wala michanganyiko: mkongo. Unacheza kwenye meza za mipira midogo: ufito wa ashi, na mpini wowote kati ya hiyo miwili, ila mwambie fundi apunguze kiungio kiwe chembamba. Unataka fimbo ya kufungulia tu, ya pili kwenye begi: hapa mpingo mzito au mti wa zambarau una nafasi, mradi umekauka. Na kama roho yako haitatulia bila fimbo nyeusi kutoka kiungioni hadi kitakoni, basi lipia kutobolewa moyo, na usikubali kuambiwa kwamba "mpingo haupasuki." Wangu uliwekwa kabatini umepasuka, na nimeukata vipande. Pete mbili za ile fimbo ya mninga zimetoka humo, sehemu ambayo ufa haukufika.

Ukienda kwa fundi, nenda na mizani yako. Pima kila kipande kabla hakijabandikwa, andika gramu juu yake kwa penseli, jumlisha. Fundi wangu alinicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nilimkuta kanunua ya kwake.